Skii Fupi za Mjomba Taib

Discovery Gardens, Dubai
Aprili 2016

Kwa mdogo wangu Rukiya, Kibokoni, Mombasa.

Assalam alaikum. Mimi nduguyo Taib, mwenye miaka sitini na tisa na meno yangu yote isipokuwa matatu, nakuandikia nikiwa mzima wa afya. Nimeshazika wake wawili, makafeel watatu, wale wadhamini wa visa, na yule daktari wa Jebel Ali aliyeniambia nikiendelea kula papa mkavu sitamaliza mwaka. Papa naendelea kula. Daktari ndiye aliyetangulia, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mzuri ila hakuwa akisikiliza. Nimeiona Dubai ilipokuwa mchanga, nikaiona ikiota magorofa, na hayo magorofa mengine yamekwisha kubomolewa yakajengwa mapya, na mimi bado napanda ngazi kwa miguu yangu lifti ikiharibika.

Na wewe hujambo? Goti limekaaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaipaka au umeiweka kabatini kama manukato ya arusi? Presha je? Nasikia bomba la uani bado linavuja na fundi haji. Ningekuwepo ningelitengeneza kabla chai haijapoa, lakini sipo.

Najua utauliza kwa nini barua na simu ninayo. Kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi, Rukiya. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, na nikikutumia ujumbe wa sauti unaufungulia barazani mtaa mzima ukasikia. Barua haikatizwi. Ukiikasirikia inabaki inasema vile vile.

Aliyekupa barua hii ni mwanao Sumeiya. Najua ameketi hapo mbele yako na hasemi kitu. Si kiburi, ni amri yangu. Nimemwambia asifungue mdomo ila kwa kula mpaka wewe umalize ukurasa wa mwisho. Mpe chai, na kama kuna mahamri mpe mahamri, amekonda kidogo. Na tafadhali usirukie mwisho. Nakujua tangu utotoni, ulikuwa ukila nyama kwanza halafu unaulalamikia wali.

Uliniagiza nimtie ndegeni kwa mkono wangu mwenyewe, arudi nyumbani kwa sababu madam wake anahama na visa inakwisha, na Aidarus mwenye duka la vitambaa amekwisha kumposa. Nikakuahidi. Basi nimemtia ndegeni kwa mkono wangu mwenyewe. Begi nimelibeba mimi, na yule askari wa uwanja alipotaka kunizuia mlangoni nilimtazama mara moja tu akanipisha. Hakuna mtu atakayesema Taib alivunja ahadi. Sasa sikiliza mengine.

Kazi yangu unaijua, lakini unaijua vibaya, kwa sababu kila ukiulizwa unasema kaka yangu anafanya kazi kwenye friji. Si friji. Ni mlima. Ndani ya duka kubwa wamejenga mlima wa theluji wenye paa juu yake. Nje jua linachoma mpaka lami inashika viatu, na ndani watu wanatoa moshi puani kwa baridi. Mimi ndiye mkuu wa stoo ya skii, upande wa wanawake. Skii ni zile mbao nyembamba ndefu anazofungwa mtu miguuni ateleze kutoka juu mpaka chini. Kwenye karatasi zao wameandika mimi ni msaidizi, lakini huyo mkuu wao hajui hata nta ya kupaka skii imewekwa kabati gani, sasa mkuu ni nani?

Watu hudhani skii ya kike ni ile ya kiume iliyopakwa rangi ya waridi. Mimi nimekuwa fundi baiskeli Makadara miaka ishirini, mtu haniambii kitu juu ya chombo cha mwanamke. Baiskeli ya kike haikuondolewa kile chuma cha katikati kwa urembo, iliondolewa kwa ajili ya yule anayeipanda. Skii ndiyo hivyo hivyo. Ya mwanamke ni nyepesi, ubao wake wa ndani ni laini zaidi, na kile kifungo kinachoshika kiatu kimesogezwa mbele kidogo, kwa sababu uzito wa mwanamke umekaa chini na nyuma. Wewe mwenyewe ni ushahidi, usikasirike.

Tena ziko daraja tatu. Ya anayeanza ni fupi, ukiisimamisha kando yake inamfika kidevuni. Ni laini, pua yake imeinuka haichimbi theluji, na inageuka hata mtu akikosea. Hiyo inasamehe. Ya wa katikati inafika puani, kiuno chake kimebana, ukingo wake wa chuma unauma theluji vizuri. Inataka uiongoze, ila ukichelewa inakungoja. Ya wazoefu sasa, hiyo ni ndefu, inafika kwenye paji la uso na kupita, ina bati ndani yake, ngumu, haikubali kupinda mpaka uwe na mwendo mkali. Haisamehi wala haingoji. Ukiipanda kwa woga inakupeleka inakotaka yenyewe. Nimeeleza vizuri kuliko wao wanavyoeleza, na wao wamesomea.

Taabu yote inaanza kaunta. Wanawake huja na mawifi zao. Ukimuuliza wa kwanza yuko daraja gani, akisema yeye mzoefu, basi khalas, hakuna wifi atakayesema mimi ndiyo naanza. Wote wamezaliwa kwenye theluji. Na sisi tuliotoka pwani tulikuwa wabaya zaidi kwa jambo hilo, kwa sababu mgeni wa heshima utampaje kile cha chini? Mwaka wangu wa kwanza alikuja mke wa mtu mkubwa, mtulivu, ananukia udi. Sikumuuliza kitu. Nikampa skii nyeusi ndefu, nzuri kuliko zote rafuni, kama unavyompa mgeni kiti cha mbele na paja la kuku. Wakaenda kumtoa kwenye wavu wa usalama kule chini. Hakuumia, ila skii zake zilitafutwa mpaka magharibi.

Tangu siku hiyo nikabuni swali langu, na sasa linatumika mlima mzima, ingawa hawasemi limetoka kwa nani. Usimuulize mtu ni hodari kiasi gani. Muulize mara ya mwisho alianguka lini. Yule hodari atacheka, atakusimulia alivyoanguka Ijumaa iliyopita mpaka goti likavimba, na atakuonyesha na goti lenyewe hata kama humjui. Yule atakayekunja uso akakwambia hajawahi kuanguka, huyo hajawahi kupanda. Mpe fupi. Hili swali halijanidanganya hata mara moja.

Swali hili nilimfundisha Sumeiya. Usishtuke. Wewe unajua kuwa mwanao alikuwa akilea watoto wawili wa madam wake kule Silicon Oasis, na ni kweli. Usilolijua ni kwamba wale watoto waliletwa mlimani kujifunza kila wiki, na yule mdogo alikuwa akilia hataki kushika mkono wa mwalimu, anamtaka Sumeiya. Basi Sumeiya akavaa jaketi, akaivaa helmeti juu ya hijabu, akaingia naye. Watoto wakajifunza. Na yeye akajifunza, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka walimu wakawa wanasimama kumtazama. Anateremka vizuri, Rukiya. Anateremka kama mtu aliyetumwa mahali na anajua njia.

Mkubwa wa walimu ni Raed, Mlebanoni, mtu wa milima ya kweli. Mama za watoto wa kike walikuwa wakimwomba kila siku mwalimu mwanamke, Mwislamu, anayejua Kiarabu cha hapa na mwenye subira. Akamwona Sumeiya. Aliposikia madam anahamia Kanada, akamwambia nafasi ipo, lakini kuna mtihani. Kwanza ateremke yeye mwenyewe mbele yake. Halafu achukue mtu ambaye hajawahi kuvaa skii maishani mwake, amchagulie skii, amfundishe mpaka ateleze na asimame bila kushikwa. Akishinda, kampuni itamfanyia visa. Akishindwa, anarudi Mombasa, khalas.

Alikuja kunieleza mimi stoo, hakukueleza wewe, kwa sababu anakujua na wewe unajua unavyojulikana. Nilikuwa nimeshakuahidi. Kwa hiyo sikumwambia ndiyo wala la. Nilimwambia kwanza tuitazame miguu yake, na miguu ndiyo ilikuwa mizuri. Lakini kichwa kilikuwa kimemvimba. Akataka kufanyia mtihani kwenye skii ndefu nyeusi, ati mwalimu atasimamaje mbele ya Raed na skii za kawaida kama mwanafunzi wa jana. Nikamwambia achukue za katikati. Akakataa. Nikakataa kukataa kwake. Ukaidi ule hakuutoa kwa baba yake, marehemu alikuwa mtu laini. Mwisho nikampa hizo ndefu akazijaribu. Kona ya kwanza akageuka. Kona ya pili skii zikaendelea moja kwa moja kama hazimjui, akateremka kwa makalio mpaka chini, theluji imejaa ndani ya hijabu. Juma lililofuata alikuja mwenyewe, akapita rafu ya ndefu, akachukua za katikati, akapitisha ukucha kwenye ukingo kuona kama una makali kama nilivyomfundisha. Sikusema kitu. Na wewe unajua kunyamaza kunanigharimu kiasi gani.

Mtu wa kufundishwa tulimpata, Lillian, Mganda, mlinzi wa ghala kule Jebel Ali. Yeye kanisani mimi msikitini, lakini tunakula sinia moja kila siku ya mapumziko, na anapika matoke vizuri kuliko wanavyostahili wale anaokaa nao. Lillian theluji alikuwa hajaigusa hata ya kwenye friji. Alifurahi sana, akanunua soksi, akaniachia stoo nimtunzie.

Siku ya mtihani ikafika, Jumatatu asubuhi, mlima bado haujafunguliwa kwa watu. Tulikuwa sote pale, walimu, wasafishaji, na Sowedi, Mganda ninayefanya naye kazi stoo, ambaye kazi yake kubwa ni kunitania. Sumeiya akateremka. Raed akaitikia kwa kichwa, alipenda. Kisha tukamngoja Lillian. Badala yake ikaja simu yake. Msimamizi wake amemfutia mapumziko, yuko getini na sare, analia. Raed akasema pole, lakini yeye kesho anasafiri kwao na visa ya Sumeiya inakwisha kabla hajarudi, kwa hiyo apatikane mtu mwingine sasa hivi. Akauliza nani hapa hajawahi kuvaa skii. Wakatazamana. Kila mfanyakazi ameshateleza, wakubwa huwaruhusu siku zisizo na watu. Hata yule mzee wa Kinepali wa kusukuma theluji ameshateleza. Sumeiya akaanza kuvua glavu taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayevua bangili baada ya arusi.

Sasa Rukiya, hapa ndipo nilipotaka ufike ukiwa umekaa.

Mimi nilikuwa na la kufanya, nalo lilikuwa jepesi. Ningekaa kimya tu nyuma ya rafu. Mtihani ungevunjika, Sumeiya angepanda ndege kuja kuolewa, na ahadi yangu kwako ingetimia bila mimi kunyanyua kidole. Na jina langu lingebaki juu pale pale. Kwa sababu jina langu pale mlimani ni Mwewe. Nilijipa mwenyewe, lakini wamelizoea. Miaka yote hii nimewasimulia nilivyokuwa nikiteremka kabla wao hawajaja, kutoka juu kabisa, tena siku moja na sinia ya kahawa mkononi na vikombe havikumwagika. Na wewe pia nimekuandikia hayo, na najua umeyasoma barazani, kwa maana Hadijah wa nyumba ya tatu alinitumia salamu akaniita Mwewe.

Nikaweka kitambaa changu chini, nikafuta nta mikononi, nikatoka mbele ya kaunta. Nikasema mimi ndiye mwanafunzi.

Sowedi alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia Raed asikubali, huyu mzee ni Mwewe, atawachezea mtihani, sinia ya kahawa na vikombe havimwagiki. Raed akaniuliza kwa Kiarabu kama ninamfanyia mzaha. Sumeiya naye akaja karibu akaniambia kwa sauti ya chini kuwa anashukuru, lakini sheria inataka mtu ambaye hajawahi, na yeye hataki kupata kazi kwa uongo. Mwanao huyo. Kisha akanitazama. Sijui aliona nini usoni pangu. Akarudi nyuma hatua moja, akasimama kama anavyosimama mtu wa kaunta, akaniuliza lile swali langu mwenyewe.

"Mjomba, mara ya mwisho ulianguka lini?"

Nikamjibu kama lilivyo. "Sijawahi kuanguka."

Sowedi ndiye aliyefahamu wa kwanza. Akasema kumbe Mwewe hajawahi kuruka. Halafu mmoja akacheka, na mwingine, mpaka yule Mnepali aliyekuwa hajui tunasema nini naye akacheka. Nilisimama tu. Nimeshachekwa na watu wakubwa kuliko hao.

Sumeiya hakucheka. Akaenda kwenye rafu kunichagulia skii, na kwa sababu kazi inayotafutwa ni ya kufundisha wanawake, Raed alikuwa amepanga skii za kike tu, ndefu, za katikati, na fupi. Nikamwona mkono wake unakwenda kwa zile fupi, unazigusa, unaziacha. Ukaenda kwa za katikati, ukatulia hapo. Na mimi nilijua mkono ule unafanya nini. Ulikuwa umelelewa na wewe. Atamvishaje mjomba wake, ndugu mkubwa wa mamake, skii za watoto mbele ya watu waliokwisha kumcheka? Alikuwa ananikinga, kama vile mimi nilivyompa yule mama wa udi ile ndefu nyeusi. Raed naye aliona. Alikunja mikono kifuani akangoja. Angenipa za katikati, mtihani ungeishia hapo hapo kwenye rafu, na mimi ningeishia kwenye wavu.

Nikamwambia, na nilisema kwa sauti ili Sowedi asipate cha kuongeza baadaye, "Mwanangu, hizo si zangu. Nipe fupi."

Zilikuwa na maua, Rukiya. Maua ya zambarau, na kipepeo. Akaja akapiga magoti mbele yangu, akanifunga. Akaniuliza uzito wangu, nikamwambia, akanitazama, nikamwambia uzito wa kweli. Akalegeza kile kifungo kwa bisibisi ili nikianguka kiachie mguu kabla mfupa haujavunjika. Kazi imekaa sawa, bila haraka, vile ningefanya mimi. Kisha akanishika mikono yote miwili, yeye anarudi kinyumenyume, mimi naenda mbele, kwenye mteremko ule wa watoto. Akanifundisha ncha zikutane na visigino viachane, ndipo mtu asimame. Nikaanguka. Akaniinua. Nikaanguka tena, hicho kifungo kikaachia kama alivyokipanga. Nikamwambia theluji yao imewekwa vibaya. Akanifunga upya. Watu wote wamejipanga ukutani kama wanatazama mpira.

Halafu akaniachia. Sikujua ameniachia. Nilidhani bado ameshika, kumbe anateleza kando yangu mikono ikiwa nyuma. Nikaenda. Upepo ukanipiga masikioni, mdogo tu, lakini wangu. Nikakumbuka ncha zikutane. Nikasimama. Mwenyewe, bila ukuta, bila wavu, bila mtu. Raed akasema yalla, khalas, kazi imepata mwenyewe, akamwambia Sumeiya alete pasipoti yake ofisini. Sowedi akapiga makofi, na lazima niseme alipiga kwa haki.

Basi yale yote ya sinia ya kahawa nilikuwa nikiyaona kwa dirisha la stoo, wakiyafanya wengine, na ile sinia hata wao hawakuwa nayo. Usiseme nimesema uongo. Nilitangulia kusema, miguu ikachelewa kufuata. Sasa imefika. Kila Jumatatu navaa zile za maua. Sowedi haniiti Mwewe tena, ananiita Kipepeo, na wote wamelidaka. Nimewaachia. Raed aliniambia kabla hajasafiri kuwa miezi michache nitapanda za katikati. Nimemwambia sina haraka, fupi zinanitosha, na hakuna pale mtu wa umri wangu anayezijua kunishinda.

Sasa fahamu vizuri. Visa mpya inataka mtu atoke kwanza nchini ndipo aingie nayo. Ndiyo maana nimemtia ndegeni. Ahadi yangu kwako nimeitimiza, uliniambia nimrudishe, nimemrudisha. Hukuniambia kwa muda gani. Huyo aliyeketi mbele yako anarudi Dubai visa ikitoka, akawe mwalimu wa theluji. Usiliinamie begi lake ukaanza kulifungua. Aidarus simsemi vibaya, ni mtu wa watu. Sumeiya anasema akitaka kumuuliza, aje amuulize yeye mwenyewe, na akubali jibu litakalokuja. Kama hilo ni gumu kwake, basi duka lina wateja wengine.

Najua ulimtaka karibu. Chumba umeshakipaka chokaa, ulinitumia picha. Usikifunge. Atakuja kila likizo, na safari hii atakuja kama mtu aliyejipangia mwenyewe siku za kuja. Na kuna neno lake nimebeba, amenikataza kulisema, nalisema. Anataka uje Dubai msimu ule joto limepungua, akuvalishe jaketi, akushike mikono, arudi kinyumenyume mbele yako kama alivyofanya kwangu. Skii nitakuchagulia mimi. Fupi. Na usije ukaniambia hujawahi kuanguka.

Nisalimie Hadijah, mwambie Mwewe ametua. Nisalimie mtaa wote kwa majina yao, wale wanaodai salamu na wale wanaojifanya hawazitaki. Papa mkavu mfungie Sumeiya wa kutosha, aniletee huyo papa amemficha katikati ya nguo, na usimtie ndimu nyingi.

Kama una shaka na niliyoandika, muulize Raed Mlebanoni, ana namba, atakwambia kwa Kiarabu. Muulize Sowedi, lakini toa nusu ya atakayoongeza. Muulize Lillian, hakuwepo, ila soksi zake ndizo nilizovaa siku ile, hajazidai. Na ukitaka shahidi wa kwanza kuliko wote, inua macho. Nimemfungulia mdomo sasa. Yeye ndiye aliyenishika mikono, na yeye ndiye anayejua ni wapi hasa aliniachia.

Ni mimi nduguyo mkubwa,
Taib